Nilichokiona Kwenye Mtihani wa Baiolojia

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Moko, mtihani wa majaribio, imeanza. Asubuhi Uraia, mchana Hisabati. Watoto wametoka na macho mekundu, nusu kwa hesabu, nusu kwa vumbi. Upepo wa ziwani umegeuka tangu jana, uwanja wote unaingia darasani.

Kiingereza ni keshokutwa. Jioni nikawakusanya Kidato cha Nne kwa marudio. Wakaomba wenyewe vitenzi vya kuona — see, look, watch. Kila mwaka wanakwama hapo hapo! Kwa Kiswahili hakuna anayechanganya kuona na kutazama. Kwa Kiingereza wanaandika "I looked him" na "I am seeing the teacher" bila wasiwasi wowote.

Nikaandika ubaoni sentensi mbili. I saw Bariki cross the road. I saw Bariki crossing the road. Nikawauliza tofauti. Nikaeleza: ya kwanza, umemwona Bariki tangu anaondoka upande huu mpaka anafika ng'ambo. Kitendo kizima unacho. Ya pili, umemkuta katikati ya barabara. Kama alifika, hujui. Labda uliingia dukani.

Hamdani wa dawati la nyuma akasema labda aligongwa na bajaji. Darasa likacheka. Bariki mwenyewe akacheka.

Ishimwe hakucheka. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama nimemkuta ameshavuka?" Nikamwambia hapo useme I saw that he had crossed. Kuvuka kwenyewe hukukuona. Umemwona yuko ng'ambo, kichwa chako kimemalizia.

Akaandika. Huyu ndiye mwanafunzi wangu. Miaka minne sijapata mwingine.

Hakuna meseji ya ajira ya serikali. Walisema majina yatatoka wiki hii. Nikiipata hiyo, naondoka hapa, nahama hii nyumba ya shule, nalala mahali ambapo sigongewi kengele.

Jumanne, 6 Agosti 2024

Baiolojia. Nimesimamia mimi, chumba cha Kidato cha Nne B.

Kuna jambo limetokea. Saa nne hivi Mwalimu Gervasi wa taaluma alipita dirishani, akaingia, akaenda moja kwa moja katikati ya safu akaokota kikaratasi sakafuni. Kimekunjwa mara nne. Ndani kuna maelezo ya Baiolojia, fotokopi iliyopunguzwa, herufi kama mchanga. Akauliza cha nani. Happiness, anayekaa nyuma yake, akasema cha Ishimwe. Ishimwe akanyamaza. Akatolewa nje.

Jioni Mkuu aliniletea karatasi nikiwa chumba cha walimu na chai yangu. Weka sahihi hapa, mwalimu, ni ripoti ya msimamizi, inatakiwa iende kwa bodi leo. Nikaweka.

Majina ya ajira yametoka. Langu halimo.

Jumatano, 7 Agosti 2024

Nimeisoma ile ripoti. Leo! Baada ya kuweka sahihi jana!

Gervasi alikuwa na nakala mezani. Imeandikwa kwa Kiingereza kwa sababu bodi ikishaipitisha inakwenda kwa wafadhili wanaomlipia Ishimwe ada, na wale hawajui lugha nyingine. Sentensi ni moja tu, na chini yake jina langu: I saw the candidate take a folded paper from her sock and copy from it.

Soksi gani?

Take. Copy. Yaani nilimwona anatoa, nilimwona ananakili, mwanzo mpaka mwisho, kitendo kizima. Juzi tu nimesimama ubaoni nikifundisha hivyo hivyo. Mwalimu wa Kiingereza!

Niandike hapa, maana pengine sitaandika popote. Nilichokiona ni hiki. Ishimwe ameinama. Mkono uko chini. Kikaratasi kiko sakafuni, karibu na mguu wa dawati la Happiness. Basi. Sekunde moja, kisha Gervasi akawa ameshaingia.

Na kabla ya hapo? Kabla ya hapo nilikuwa nasoma simu. Simu haziruhusiwi chumba cha mtihani, walimu tunaacha ofisini. Yangu nilikuwa nayo ndani ya daftari la maandalio. Ndiyo kwanza meseji imeingia kwamba sikuchaguliwa. Nikaisoma. Nikairudia. Sijui ni dakika mbili, sijui ni tano. Watoto arobaini na mmoja mbele yangu na mimi simwoni hata mmoja.

Nilikwenda kwa Mkuu saa tisa. Mzee Elikana si mtu wa kelele. Alinikaribisha kiti. Nikamwambia ripoti ina makosa, sikumwona akitoa kitu kwenye soksi.

"Sahihi ni ya nani?"

"Yangu, Mkuu."

"Uliwekewa kisu?"

"Hapana."

Akasema kwa upole kabisa: tukibadilisha, bodi itauliza kwanza msimamizi alikuwa anaangalia wapi. Mimi sitauliza, alisema. Bodi ndiyo itauliza. Na mkataba wako unaisha Desemba, sivyo?

Kwa hiyo anajua. Au anahisi.

Bodi inakaa Jumanne. Nisitoke nje ya shule mpaka hapo, anasema, nitahitajika.

Alhamisi, 8 Agosti 2024

Nane Nane. Sikukuu. Dada Agnesi alinisubiri nyumbani kwake Kasingirima, kapika samaki, migebuka, kwa mawese, watoto wake wamevaa. Nilijaribu kutoka. Feliksi wa getini alifungua kitabu, akapitisha kidole. Samahani sana mwalimu, jina lako limeandikwa hapa, mpaka Mkuu aseme. Alikuwa anaona haya kweli, alinipa kiti chake.

Nikakaa pale dakika kumi nikitazama barabara. Pikipiki za kwenda Ujiji zinapita. Nauli ninayo, nguo nimevaa.

Nikarudi ndani. Nimekula ugali na dagaa wa jana.

Ijumaa, 9 Agosti 2024

Tumesahihisha. Karatasi ya Kiingereza ya Ishimwe — waliruhusu afanye, akiwa peke yake maktaba — ni ya kwanza kwa mbali. Kwenye swali la vitenzi vya kuona hakukosa hata moja.

Nilipita darasani kwao. Dawati lake lipo mbele ya la Happiness, na sasa liko tupu. Happiness hajanitazama usoni tangu Jumanne. Nikimpa daftari anapokea akiangalia mikono yangu.

Baba yake Happiness ni mjumbe wa bodi. Ana duka la vifaa vya ofisi mjini, lenye mashine kubwa ya fotokopi, ile inayopunguza herufi. Kila mtu hapa shuleni anajua. Kwenye chumba cha walimu leo tumeongelea mpira.

Jumamosi, 10 Agosti 2024

Gervasi amekuja kuniona, tukakaa nje kwenye ngazi. Nilimwuliza yeye aliona nini dirishani.

Aliona kikaratasi sakafuni, anasema. Hakuona kimetoka wapi.

"Na mimi uliniona?"

Akatazama viatu vyake. "Nilikuona umeinamisha kichwa, Yunisi."

Hakuongeza. Hakuuliza. Ameshaandika maelezo yake kwa Mkuu na humo hakunitaja, na nadhani anaona amenisaidia. Ana watoto watatu, mmoja mgonjwa. Nikamwuliza kama atasema mbele ya bodi kwamba karatasi haikutoka kwenye soksi. Akasema akiulizwa atajibu. Akiulizwa! Nani atamwuliza?

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Wafadhili wakiipokea ile ripoti, wanajitoa siku hiyo hiyo, ndiyo masharti yao. Ishimwe anarudi nyumbani, Rusimbi, miezi mitatu kabla ya mtihani wa taifa. Baba yake ni fundi mitumbwi pale Kibirizi. Familia ilitoka Burundi yeye akiwa mtoto mgongoni. Ishimwe ndiye wa kwanza kwao kufika kidato cha nne.

Kwa nini nilisaini? Nilikuwa na hasira na ile meseji. Nilikuwa na uchovu. Nilitaka Mkuu aondoke mbele yangu ninywe chai. Hakuna sababu kubwa zaidi ya hiyo, nimetafuta.

Jumapili, 11 Agosti 2024

Sikwenda kanisani, maana kanisa liko nje ya geti.

Nimeandika barua kwa bodi. Kwa Kiingereza, ili ikae juu ya ile nyingine na wafadhili waisome. Sentensi nne. Asubuhi nzima!

When I looked up, I saw her bending down. Hii ilikuja haraka. Bending, maana nilimkuta katikati. Sijui alikuwa anaokota, sijui anatupa, sijui anajikuna mguu.

I saw a paper on the floor. Hapa pia hakuna shida. Karatasi ilikuwepo, niliiona.

I did not see her take it or copy from it. Nikaisoma kwa sauti. Nikasikia nafuu kidogo, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Ya nne ndiyo ilinila. Nilianza: I was not watching the room. Nikafuta, maana inaficha. Watch ni kukaa na kitu kwa macho, ndiyo kazi niliyopewa, lakini mtu anaweza kuacha kwa sababu nyingi — labda aliumwa kichwa, labda alikwenda mlangoni. Nikaandika: I was looking at something else. Something! Nikafuta. Nikazunguka chumba. Nikafua blauzi mbili ambazo hazikuwa chafu. Nikarudi.

Before that I was looking at my phone.

Hiyo imebaki. Jina, sahihi, tarehe. Nimesoma kabla ya kuweka sahihi, mara hii.

Nikimaliza hapa nitakwenda wapi? Kwa Agnesi, chumba kimoja na watoto wanne. Mama anategemea ninachomtumia Kasulu. Na mwalimu aliyeondolewa kwa kosa la mtihani haajiriwi shule nyingine, jina linasambaa mkoa mzima.

Bahasha imefungwa. Iko mezani.

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Nimeitoa. Saa mbili kamili, kabla sijabadilisha mawazo.

Mkuu aliifungua mbele yangu akaisoma akiwa amesimama. Akarudia. "Kiingereza kizuri, mwalimu," akasema. Akaiweka kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Itasomwa kesho kama muda utaruhusu. Kisha akaniambia vipindi vyangu vya wiki hii amempa mtu mwingine, nipumzike.

Nilitoka — niseme kweli — nikiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nikapika wali. Nikaimba!

Saa kumi mlango ukagongwa. Ishimwe. Matroni alimruhusu dakika chache kuchukua vitabu vyake kwangu. Sketi imepigwa pasi, soksi nyeupe zimevutwa mpaka juu. Nilishindwa kutazama zile soksi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Alisema amesikia kwamba nimeandika barua ya kumtetea. Habari zinavyokimbia kwenye hii shule! Nikamwambia sijamtetea, nimeandika nilichokiona tu, na sikumwona akifanya kosa.

Akaanza kulia bila sauti. Nikampa kanga ajifute. Akaishika tu.

"Ilianguka kwangu, mwalimu. Happiness alikuwa anampitishia mwenzake, ikaangukia kwangu."

"Najua. Nilidhani hivyo."

"Nikaiokota. Nikaifungua."

Nikarudishia mlango.

"Swali la nne lilikuwa limenishinda. Lile la figo. Lilikuwepo pale, limechorwa. Nikaliandika. Halafu nikaitupa chini, mwalimu Gervasi akaingia."

Sauti yake ilikuwa ndogo sana, na kile Kirundi cha kwao kilikuwa kimerudi kwenye ulimi, kama kila anapoogopa. Hajawahi kufanya hivyo kabla, alisema. Niliamini. Naamini mpaka sasa. Haikutoka kwenye soksi, hakuja nayo, aliangukiwa. Na alinakili.

Akauliza: "Kesho niseme?"

Mimi ni mtu mzima. Ni mwalimu wake. Miaka minne nimemsahihisha nukta na mkato. Alisimama pale akisubiri nimpe jibu, na mimi nikajikuta nahesabu. Akisema, anakwenda nyumbani, na ripoti ya uongo inageuka kuwa ya kweli, na Happiness anabaki darasani na fotokopi za baba yake. Asiposema, barua yangu inamwokoa, maana kila neno la barua yangu ni sahihi! Sikumwona akichukua. Sikumwona akinakili. Hata leo sijamwona. Nimesikia tu.

Nikamwambia: "Matroni anakusubiri. Nenda."

Ndilo jibu nililompa. Akaweka kanga kwenye kiti, ameikunja vizuri, akaenda. Vitabu alivyofuata hakuchukua.

Jumanne, 13 Agosti 2024

Saa tano kasoro. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu. Bodi imekaa tangu saa tatu. Waliniambia nisubiri hapa nitaitwa, basi nasubiri, na daftari hili nimelichomeka kwenye daftari la maandalio.

Kwanza aliingia Gervasi. Dakika sita. Alipotoka alinipita kama mtu anayewahi basi. Kisha akaingia Ishimwe. Mlango umefungwa. Aliponipita alinitazama, na mimi sikutikisa kichwa, si ndiyo si hapana. Sijui anasema nini humo ndani. Nasikia kiti kikivutwa. Nasikia mtu anakohoa. Sauti yake siisikii.

Pembeni yangu amekaa baba yake. Mzee Harerimana. Amekuja kwa miguu kutoka Kibirizi, shati jeupe, na kwenye kucha bado kuna lami ya mitumbwi. Nilimwamkia. Akaitikia, kisha akanyanyuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Murakoze cane, mwalimu." Asante sana. Ameambiwa kuna mwalimu amesimama upande wa mwanawe. Nani amemwambia? Ameniletea mawese, chupa ya lita, imefungwa kwa mfuko. Iko miguuni pangu.

Anasema Ishimwe tangu mdogo hasemi uongo, mpaka wadogo zake wanamwogopa. Anasema nyumbani akiulizwa nani amevunja sahani, hujitaja mwenyewe kabla swali halijaisha. Alisema hivyo akicheka.

Nimeshindwa kucheka naye.

Sasa hivi ametoa karatasi mfukoni mwa shati. Ameikunjua taratibu juu ya goti. Ni nakala ya ripoti, ameipata pamoja na barua ya wito. Kiingereza hajui. Alimpa kijana wa duka la simu amsomee, kijana akasema ni maneno ya shule. Ameibeba siku nne.

Ameweka kidole chini kabisa, kwenye sahihi.

"Hili jina ni lako, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi ni heri. Nisomee wewe uliyeandika. Umeandika umemwona anafanya nini?"

Nikasema maneno ni mengi. Akasema hapana, naona ni mstari mmoja tu. Nikasema labda tusubiri tuingie. Akasema tukiingia, wakubwa watasema haraka haraka na yeye masikio yake siyo mazuri, bora awe nayo mkononi. Nimwandikie kwa Kiswahili, kwenye karatasi, ili jioni mama yake Ishimwe naye aisome.

Nikatoa kalamu kwa sababu alikuwa ananitazama. Nikafungua daftari kwa sababu ndilo nililokuwa nalo. Nimekuwa nikiandika tangu hapo. Yeye anadhani ndiyo tafsiri. Kila nikifika mwisho wa mstari anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeona kazi inakwenda.

Ndani mlango umeguswa, kitasa kimezunguka kidogo, kimerudi. Bado.

Mzee anasogea kunipa nafasi zaidi kwenye benchi. Anasema polepole, mwalimu, usiharakishe, andika tu kama ulivyoona